Godauni Tulilifufua Sisi, Sasa Wanalala Wengine

Leo sina tipsi ya kupiga picha bidhaa wala ya kulipia tangazo. Nataka tuongee kitu ambacho humu hatukigusi kabisa: mzigo wako unalala wapi? Maana ukimuuliza mtu "dada duka lako lipo wapi?" anakujibu "tupo mtandaoni, tunatuma mikoa yote", halafu ukifika kwake mzigo upo chini ya kitanda, mwingine juu ya kabati, na boksi moja mtoto ameshalikojolea. Simcheki mtu. Nimeanzia hukohuko.

Maoni yangu nayasema mapema ili anayetaka kunipinga ajiandae. Muuzaji wa mtandaoni hana haja ya fremu ya barabarani. Anahitaji stoo kavu, mlango ambao bodaboda anaupata bila kupiga simu mara tano, na karatasi yenye sahihi ya mwenye jengo. Mimi hivyo viwili vya kwanza nilivipata, tena kwa bei nzuri. Cha tatu sikuwa nacho, na ndicho kilichonitoa.

Nauza mashuka na mapazia hapa Dodoma. Nina form four, biashara sijaisomea popote, nimejifunza kwa kuuliza na kwa kupigwa. Nilianza na pea sita za mashuka kutoka Kariakoo nikiwa naishi chumba kimoja Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma, msije mkadhani ile ya Dar. Mzigo ulipofika pea arobaini nikawa nalala ukutani kabisa, mashuka yamechukua chumba. Nikatafuta fremu. Dalali akanizungusha siku tatu. Fremu ya barabarani laki tatu kwa mwezi, mwenye nayo anataka miezi sita mkupuo, na anayehama anataka kilemba chake milioni moja na nusu. Piga hesabu, halafu weka na mwezi mmoja wa dalali. Hiyo hela yote inakwenda kwenye kioo cha kumwonyesha mpita njia bidhaa, wakati wateja wangu asilimia kubwa wananiona kwenye simu wakiwa Singida, Kondoa na Mpwapwa!

Mwaka 2021 dada mmoja anayeuza vyombo akaniambia kuna godauni huku Uhindini mwenyewe analigawa vyumba. Nikaenda kuangalia tu, nikalipia siku hiyohiyo.

Kwa wasioijua Dodoma ya zamani niwaeleze kidogo, maana siku hizi mtu akisema Dodoma anafikiria Mtumba na majengo ya serikali. Reli ya kati waliyoijenga Wajerumani ilifika hapa 1910, na mji ukajikusanya kandokando ya stesheni. Wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu wakajenga humo jirani: duka mbele, familia nyuma au ghorofani, stoo uani. Karanga, mtama, ngozi, nta, vyote vilihitaji mahali pa kusubiri treni. Ndiyo maana ukipita mitaa ya katikati ya mji bado unaona majumba yenye kuta nene na milango ya mbao ya kufunguka pande mbili. Hayo si mapambo. Mlango mpana ni wa kupitisha gunia likiwa begani kwa mtu.

Godauni letu lilikuwa la aina hiyo. Paa la bati liko juu sana, chini ya paa kuna matundu ya hewa, ukuta ukiupima kwa mkono unapita kiwiko. Mchana wa Oktoba, nje jua linachoma, ndani unakuta ubaridi kama wa mtungini. Nguo inapenda mahali kama pale. Adui yake pale ni wawili tu, vumbi na mchwa. Vumbi la Dodoma mnalijua, shuka jeupe ukiliacha wazi siku mbili linageuka rangi ya chai ya maziwa. Mchwa nao hawagusi nguo kwanza, wanaanza na boksi. Nilipoteza boksi mbili ndipo nikajua kwamba mzigo hauwekwi sakafuni hata siku moja, unauweka juu ya chaga, na chaga unaiacha kiganja kimoja kutoka ukutani ili uone njia ya mchwa ikianza kupanda. Hiyo andika, itakusaidia popote ulipo.

Tulikuwa wapangaji saba. Vyombo, viatu vya watoto, vipodozi, simu za mtumba, mimi na mashuka, kaka mmoja wa vipuri vya pikipiki, na mama mmoja wa makamo aliyekuwa anauza mvinyo na zabibu kavu. Chumba changu laki moja na ishirini kwa mwezi. Tulikikuta kila chumba na sakafu iliyochimbika na taa moja. Tukachanga. Sakafu tukamwaga saruji, madirisha tukaweka nyavu, tukapaka chokaa, tukamleta fundi umeme. Mimi peke yangu daftari langu linaonyesha laki sita na arobaini, bila kuhesabu shelfu. Mwenye nyumba alikuwa anakuja Ijumaa baada ya swala, anazunguka, anasema "hongereni wanangu". Sisi tunamwita mzee wetu. Na niseme ukweli, hilo neno "mzee wetu" ndilo lilikuwa mkataba wetu. Kodi tunalipa taslimu, anaandika kwenye daftari lake, imeisha.

Ile geti ilikuwa kichochoro watu wanajisaidia. Baada ya miezi sita kijiwe cha bodaboda kimehamia pale, kuna kijana wa juisi ya miwa, kuna dada anauza mifuko na gundi ya kufungashia. Saa kumi jioni ungekuta mizigo imepangwa kwa njia: hii ya stendi ya Nanenane, hii ya mjini. Bodaboda mmoja anachukua ya watu wanne kwa mkupuo, nauli tunagawana. Ukiwa peke yako kwenye fremu hilo hulipati.

Sasa tuje kwenye kilichobadilisha mambo. Serikali ilitangaza kuhamia huku kwa vitendo 2016, ingawa uamuzi wa makao makuu ni wa tangu 1973. Dodoma ikapandishwa kuwa jiji Aprili 2018. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa manispaa, ya 2022 ikahesabu 765,179. Hao wote wanataka pa kulala. Treni ya mwendokasi ilipoanza kufika Dodoma 2024, mtu akawa anaweza kutoka Dar asubuhi, akafanya kikao chake, akalala siku mbili, akarudi. Vyumba vya kulala siku mbili mbili vikawa dili. Na sisi tulikuwa tunafurahia kweli, maana kila anayehamia ni mapazia na mashuka! Mwaka huo ndio nilioza vizuri kuliko mwaka wowote. Sikujua kwamba hela ileile inayoniletea wateja ndiyo inakuja kunitoa.

Mtoto wa mzee akaja siku moja na simu yake. Akanionyesha picha: ukuta wa matofali yasiyopigwa lipu, nguzo za chuma, madirisha makubwa, kitanda katikati, kochi la ngozi. Akasema, "Dada angalia, hii ni New York, sehemu inaitwa SoHo. Haya yote yalikuwa magodauni, sasa ni apatimenti za mabilioni. Letu litakuwa hivi." Alinionyesha kwa furaha kama mtu anayemwonyesha ndugu yake. Nadhani alisahau kwamba mimi ni mpangaji. Na mimi kwa ujinga nikamsifia, nikamwambia mapazia ya madirisha kama hayo ninayo.

Wiki mbili baadaye mzee akatuita. Mwisho wa mwezi kila mtu awe ametoka.

Hatukupigana. Tungepigana na nini? Nilimuuliza kwa adabu kuhusu sakafu na umeme tuliogharamia, akajibu "wanangu mmekaa kwa raha miaka mitatu". Na hapo niwe mkweli, hakuwa mtu mbaya. Jengo ni lake, alilirithi kwa baba yake, na mwenye mali ana haki ya kutaka faida. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za pango ilishafutwa miaka ya 2000, kwa hiyo siku hizi kinachokulinda ni kile mlichokubaliana na kukiandika. Sisi hatukuandika kitu.

Mzigo wangu ulirudi chumbani Chang'ombe. Usiku nimelala katikati ya maboksi nikaanza kusoma kwenye simu kuhusu hiyo SoHo, kwa hasira tu, nijue ni kitu gani hicho kilichonitoa. Nikakuta kwamba hadithi aliyonionyesha yule kijana ilikuwa nusu.

Ni kweli yale yalikuwa maghala na viwanda. Majengo ya karne ya 19 yenye uso wa chuma, humo walishona nguo na kuhifadhi vitambaa. Vitambaa, jamani, kama mimi! Biashara ilipohama, majengo yakabaki matupu, eneo likawa na moto wa mara kwa mara mpaka zimamoto wakaliita Ekari Mia za Jehanamu. Miaka ya 1960 wakaingia wasanii, watu wa hela ndogo, kwa sababu ilikuwa bei rahisi na nafasi ni kubwa. Kuishi humo haikuruhusiwa, yalikuwa majengo ya viwanda. Wenyewe wakatengeneza sakafu, mabomba, umeme. Unaona inafanana na nani?

Mwaka 1971 jiji likabadilisha kanuni ili wasanii waruhusiwe kuishi mle. Mwaka 1973 mtaa ukatangazwa kuwa wa kihistoria. Eneo likapendeza, likajulikana, na wenye hela wakalitaka. Leo SoHo ni maduka ya kifahari na apatimenti za watu wazito. Wengi wa wale walioitengeneza hawakuweza tena kulipa.

Lakini si wote waliotoka, na hapa ndipo nataka mnisikilize, maana kwangu hii ilikuwa shule. Waliobaki wapo wa namna tatu.

Wapo waliokuwa na hela wakanunua mapema. Msanii Donald Judd alinunua jengo zima la ghorofa tano, namba 101 Spring Street, mwaka 1968 kwa dola 68,000. Sasa ni makumbusho yake. Huyo tumwache, mimi na wewe hatuna hiyo hela.

Wapo waliochanga. Mwaka 1967 mtu mmoja anaitwa George Maciunas, mzaliwa wa Lithuania, aliwakusanya wasanii wakanunua jengo la namba 80 Wooster Street kwa mfumo wa ushirika. Kila mtu analipia fungu lake, kila mtu anapata sehemu yake, jengo ni la wote. Hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wenye shida moja waliokubali kuweka hela kapu moja na kuandikishana.

Na wapo wapangaji waliokuja kulindwa na sheria. Mwaka 1982 jimbo la New York lilipitisha sheria ya hayo maghala yanayokaliwa, ikasema mwenye jengo hawezi kuwatoa hovyo watu ambao tayari wanaishi humo, na ni lazima alifikishe jengo kwenye viwango vya makazi. Sheria hiyo ilikuja baada ya watu kudai miaka mingi. Sisi kusubiri sheria ya namna hiyo tutazeeka, kwa hiyo mimi nimeichukua ile ya kapu moja.

Najua utasema dada acha kutuletea ya Marekani. Sawa. Lakini hata Nairobi mwaka 2003 watu wa sanaa walichukua godauni eneo la viwanda wakalifanya kituo chao, GoDown Arts Centre, wakafanyia kazi pamoja chini ya paa moja. Na huku kwetu mnajua VICOBA inavyofanya kazi. Tunachangiana harusi milioni ishirini ndani ya mwezi. Kuchangia stoo tunaogopa nini?

Jibu la kwanza ninalolipata kila nikisema hivi ni "vikundi vina ugomvi". Ni kweli vina ugomvi. Mimi sasa hivi nipo na wenzangu watatu, wawili ni walewale wa godauni la kwanza. Tumechukua stoo nzima nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane, si mbali na soko la Majengo. Mwezi wa pili tu tukagombana, na ugomvi ulikuwa wa umeme. Mwenzetu wa vipodozi ana friji, mimi nina pasi ya mvuke ya kunyooshea mapazia, yule wa viatu ana taa moja tu na anachangia sawa na sisi. Tukaacha kusalimiana karibu wiki. Tulichofanya ni kununua mita ndogo ndogo, kila mtu na yake, nyuma ya ile LUKU moja. Ugomvi ukaisha siku fundi alipomaliza kufunga. Na hapohapo kwenye LUKU, kumbuka kwamba tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, wewe unayenunua umeme unamlipia bila kujua. Sisi tumeandika kwenye mkataba kwamba ikikatwa tunaitoa kwenye pango. Mama hakukataa hata kidogo, alikuwa hajui tu.

Mkataba wenyewe ni kurasa tatu. Tulimlipa wakili, tukagawana wanne, haikufika bei ya shuka moja zuri la pamba kwa kila mtu. Umeandika miaka mitatu. Umeandika notisi ya miezi mitatu kwa maandishi, si kwa kuitwa uani. Umeandika kwamba tukitengeneza kitu cha kudumu kwa ruhusa yake, gharama inakatwa kwenye kodi au tunarudishiwa tukitolewa kabla ya muda. Umeandika kwamba akiuza au akifariki, mkataba unaendelea na anayepokea. Hilo la kufariki tuliona aibu kulisema mbele ya mama mtu mzima. Akalisema mwenyewe: "Andikeni wanangu, watoto wangu nawajua." Kisha tukapeleka TRA kulipia ushuru wa stempu. Usipuuze hapo. Mkataba usiolipiwa stempu, siku mkifika Baraza la Ardhi na Nyumba unaweza kukataliwa kuwa ushahidi, na hiyo karatasi yako itabaki ya kufungia vitumbua. Na faida nyingine, ukienda kuomba leseni ya biashara au kukadiriwa kodi wanakuuliza mkataba wa pango, unautoa.

Kabla ya hapo uliza hati. Hapa Dodoma ni muhimu zaidi, kwa sababu viwanja vilikuwa chini ya CDA mpaka ilipovunjwa Mei 2017, na wengi walikuwa na umiliki wa miaka 33 kabla ya utaratibu wa kwenda 99. Majumba ya mjini ya zamani mengi ni ya urithi, unaweza ukalipa kodi kwa kaka mkubwa halafu dada zake watatu wakaja na barua. Mwombe mwenye nyumba nakala, nenda ardhi ukathibitishe jina. Akichukia kuombwa, umeshapata jibu lako. Na ukisikia jengo linataka kugeuzwa kutoka ghala kuwa makazi, jua kwamba kubadili matumizi kunahitaji kibali cha jiji, si fundi na picha ya simu. Ukikuta maombi ya kibali yameshapelekwa, usiingie hata kama kodi ni nafuu. Unaingia kumlindia mtu jengo lake mpaka fundi apatikane.

Jambo jingine nalisema kwa uzito. Wengi wetu tunalala stoo. Tunaficha, ila tunalala, hasa mzigo ukiwa mpya. Kule SoHo, hata wakati ule wa kubanana, walikubaliana na zimamoto kuweka kibao mlangoni chenye herufi A.I.R., maana yake kuna msanii anaishi humu, pamoja na namba ya ghorofa, ili moto ukizuka wajue kuna mtu wa kuokoa. Sisi tunafanya kinyume, tunafunga kwa nje tuonekane hatupo! Stoo ya nguo, maboksi, manukato ya vipodozi, waya za kuunga unga na mtu amelala ndani kafungiwa. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, tuliona mali za watu zilivyokwisha. Na tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa likaporomoka hapohapo Kariakoo asubuhi watu wakiwa dukani, zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Jengo la zamani likianza kuvunjwa kuta za ndani ili kupata vyumba, na wewe upo humo unafungasha, ondoka kwanza ukaulize baadaye. Ukuta unaouona wa kugawa chumba unaweza kuwa ndio unaobeba paa. Namba ya zimamoto ni 114, iandike ukutani mahali bodaboda pia anaiona.

Sasa mtu ataniuliza, kwa nini usichukue fremu tu yaishe? Kwa sababu nimefanya hesabu zangu. Kwenye stoo ya watu wanne mimi nalipa elfu tisini. Tofauti na fremu kwa mwaka inanipa mzigo mzima wa mapazia. Mteja anayetaka kushika kitambaa kwa mkono namkaribisha, namwelekeza kwenye geti, anakuja, tena akifika anakuta na viatu vya watoto na vyombo. Wateja wa Dodoma hawaogopi uani, wanaogopa kutapeliwa. Ukiwa na mahali panapoeleweka na jirani zako wanakujua kwa jina, wanalipa. Wanaohitaji fremu ni wanaouza soda na vocha, na wanaotaka kuonwa na ndugu zao. Samahani kama nimemgusa mtu.

Na sipingi majengo ya zamani kugeuzwa makazi, nisieleweke vibaya. Nimekaa ndani ya zile kuta, najua thamani yake. Bora godauni ligeuzwe kuliko libomolewe lijengwe kioo kinachochemka mchana. Ninachosema ni kwamba jengo kama lile lina vyumba vya kutosha watu wa aina zote. Chini stoo na biashara, juu watu walale, kama walivyofanya waliolijenga. Mwenye nyumba angepata kodi mbili badala ya moja. Nilitaka kumwambia mzee hivyo, nikachelewa, na sikuwa na karatasi ya kunipa haki ya kukaa naye meza moja.

Mwezi uliopita nimepata meseji. Mteja mpya, mtumishi, amehamia kutoka Dar, anataka mapazia ya madirisha manne, vitambaa vizito kwa sababu anasema jua la jioni linaingia lote. Akanitumia lokesheni. Nikaifungua, nikaifunga, nikaifungua tena. Nikaenda na futi yangu. Geti wamepaka rangi nyeusi, kijana wa juisi hayupo. Dada wa watu akanikaribisha vizuri sana, akanipa maji, akaniambia "karibu, nyumba bado ina mwangwi". Ukuta wamekwangua lipu, wameacha mawe yaonekane, nguzo wamepaka mafuta, imependeza kweli. Sakafu ni ileile saruji yetu, wameisugua tu mpaka inang'aa. Nikapima dirisha la kwanza, mita moja na themanini kwa mbili na kumi. Dirisha la pili lilikuwa juu ya pale ilipokuwa shelfu yangu ya mashuka ya futi sita kwa sita, tundu za skrubu wamezijaza ila ukijua pa kuangalia unaziona. Akaniuliza, "Ulishawahi kufika humu?" Nikamwambia ndiyo dada, nimewahi. Akalipia nusu papo hapo, nusu atamalizia nikishayatundika Jumamosi.